Kasha la Matambara

Mwezi uliopita tulimzika wifi yangu Zuhura huko Bagamoyo, na jeneza lilitokea katika nyumba ile ile niliyoingizwa nikiwa bi harusi wa miaka kumi na tisa. Wanaume walipokwisha kuondoka na jeneza, sisi wanawake tulibaki kusafisha chumba alichooshewa. Mjukuu wangu Rehema, msichana mzuri tu, ana kazi yake Dar es Salaam na hana uvivu, alikuwa ameshika mfuko mweusi wa taka, anatumbukiza kila alichokiona hakina kazi. Akaokota kipande cha bafta kilichobaki baada ya sanda kukatwa, urefu wake kama mkono wangu. Akasema, "Bibi, hiki kimebaki, nakitupa." Nilimpokonya kwa haraka ambayo mimi mwenyewe iliniaibisha, hata akaomba radhi bila kujua kosa lake. Nikakifunga kwenye pindo la kanga yangu. Njiani kurudi Mapinga, ambako wanangu wamenijengea, alikuwa akinitazama kwa pembe ya jicho, ile huruma wanayopewa wazee walioanza kukusanya makopo. Nilimwacha anihurumie. Ningeanzia wapi kumweleza, ndani ya gari lenye redio inayolia, kwamba kipande kama kile kilitaka kunitoa kwenye ndoa yangu, na kwamba kama nisingeshikwa mkono siku ile huenda yeye Rehema asingekuwepo wa kunihurumia?

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Habari za kwetu na za kwao, nani aliposa na nani alikataa kwanza, nitaziacha, zina wenyewe wa kuzisimulia. Itoshe kusema kwamba mume wangu Saidi alikuwa fundi wa mitambo katika shamba la mkonge upande wa Pangani, akija nyumbani mwisho wa mwezi, na miezi mingine haji. Mimi nilibaki na mama yake, Bi Mwanahawa, ambaye nilimwita Mama tangu siku ya kwanza, na dada yake Zuhura, aliyekuwa bado anasoma. Nyumba ilikuwa ya mawe na chokaa, kuta nene kiasi kwamba mchana wa Januari ukiingia ukumbini unajifunika kanga. Mbele palikuwa na baraza, nyuma ua wenye mpapai mmoja, jiko la makuti na kamba ya kuanikia nguo. Nyumba ilikuwa safi kupita nyumba zote nilizowahi kuziona, na nilichukua muda kuelewa kwa nini. Hakukuwa na taka. Hakukuwa na jaa wala pipa, hata shimo la kuchomea taka halikuwepo. Mwezi wa kwanza nilifikiri wanatupa kwa jirani.

Somo langu la kwanza lilikuwa nazi. Kwetu Dar es Salaam tulikuna nazi, tukakamua tui, machicha yakamwagwa, mambo yakaisha. Nilifanya hivyo hivyo. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mchele. Aliinuka, akayazoa machicha yangu mavumbini, akayapulizia, akawaita kuku. Kisha akaniambia kwa sauti ya upole kabisa, "Mwanangu, nazi nyingine ikune mbele yangu." Nikakuna. Tui la kwanza akaliweka kando kwa samaki. Akatia maji ya vuguvugu, akakamua la pili kwa wali. Akatia tena, akakamua la tatu, jepesi kama maji ya kuoshea vikombe, la kuchemshia mchicha. Machicha yakagawanywa, nusu ya kuku, nusu ya kusugulia meza. Kifuu kimoja kikawekewa mtu anayetengeneza pawa za kuchotea mchuzi, cha pili kikaenda kuwa makaa ya pasi. Makumbi yakaenda jikoni kuwashia moto, isipokuwa nyuzi chache laini za kusugulia sufuria pamoja na majivu. Nazi ilipomaliza safari yake, hakuna kilichobaki mikononi mwetu isipokuwa harufu, na nadhani angejua namna ya kuihifadhi hiyo nayo angeihifadhi.

Mambo yote yalikwenda hivyo. Njiti ya kiberiti ilikuwa moja kwa siku, ya alfajiri, baada ya hapo moto ulifukiwa majivuni au ulikwenda kuombwa kwa jirani juu ya kipande cha kumbi. Maji ya kuoshea mchele yalimwagiwa mpapai. Ukoko wa wali haukubanduliwa ukatupwa, uliliwa asubuhi na chai, na Zuhura na mimi tuligombea ule wa chini ulioshika mafuta. Lakini penye sabuni ndipo nilipomkoma. Mama alinunua sabuni ya mche, akaikata kwa uzi, akavipanga vipande juu ya kabati lake vikauke mwezi mzima, kwa sababu sabuni mbichi, alisema, inayeyuka bure. Ikisha kukauka, kila mtu alipewa kipande cha ukubwa wa kidole gumba kwa kufulia nguo zake za wiki. Kikibaki chembe, unaigandamiza kwenye kipande kipya. Mimi, niliyetoka nyumba ambayo sabuni ilisahauliwa ndani ya beseni mpaka ikawa uji, niliona huu ni uchawi au ni ugonjwa. Nilimwambia Zuhura chumbani kwamba mama yake ana mkono wa birika. Zuhura akacheka mpaka akajifunika mto, akasema, "Wifi, usiseme kwa sauti, kuta hizi nene lakini mlango ni wa kibao."

Lililokuwa linatawala nyumba ile, hata hivyo, ni kasha. Lilikaa chumbani kwa Mama, kasha kubwa la mbao lenye vichwa vya misumari ya shaba, nusu yake vimekwishadondoka, na ndani yake yaliwekwa matambara. Kanga katika nyumba ile ilikuwa na maisha marefu kuliko mtu. Ilianza kuwa ya kutokea, ya harusini na ya msibani. Ikipauka inakuwa ya jikoni. Ikichoka inakuwa ya kulalia. Ikitoboka inaingia kashani, kutoka hapo inakuwa ya mtoto mchanga, kisha ya kushikia sufuria, kisha ya kupigia deki, na uzi wake wa mwisho unasokotwa kuwa utambi wa kibatari. Kila Ijumaa Mama alilifungua, akapanga na kupangua, huyu panda, yule shuka. Nilikuwa namtania kwa Zuhura kwamba Mama anawapa matambara vyeo.

Mchana mmoja, mimba yangu ikiwa ya miezi sita, nilikuwa nimejilaza ukumbini, na barazani Mama alikuwa amekaa na jirani yetu Bi Tatu. Hawa wawili walikuwa marafiki tangu usichana wao, walisuka ukili wa mikeka pamoja kila baada ya adhuhuri na kusengenya mji mzima bila haraka. Nikasikia Bi Tatu anauliza, "Na mkamwana wako vipi, shoga yangu?" Mama akasema, "Ana adabu, hana neno. Anapika kikalika. Ila mharibifu kidogo." Nikasikia mkeka unavutwa. Kisha akaongeza, "Atajifunza." Sijui kwa nini lile la mwisho liliniuma kuliko lile la kwanza. Nililala pale nikitazama boriti za dari na machozi yakiniingia masikioni, na nikaapa kwamba nitamwonyesha. Ndiyo hasira ya msichana wa miaka kumi na tisa, anatukanwa kwa upole na anataka kulipa kwa utii.

Nafasi ilikuja mwezi uliofuata. Mama aliitwa Vigwaza kumwangalia ndugu yake mgonjwa, akakaa siku tatu. Kabla ya kuondoka aliniambia, "Mtoto hanunuliwi kitu kabla hatujamwona uso. Fungua kasha, tafuta nguo laini, ukate mawinda." Mawinda ni hizi mnazoziita nepi, isipokuwa zile zilikuwa zinafuliwa. Zuhura alipokwenda shule nikalifungua kasha peke yangu, moyo unanidunda kwa heshima niliyopewa. Nikachambua. Kanga zilizokuwemo zilikuwa zimechoka mno, nyingine ukizivuta zinachanika mikononi. Nikazama mpaka chini kabisa, na pale chini, chini ya magunia ya unga yaliyofumuliwa, nikakuta furushi lililofungwa ndani ya kanga kuukuu isiyosomeka maandishi. Nikalifungua. Ilikuwa bafta, nyeupe, imegeuka manjano kidogo kwenye mikunjo, haijavaliwa wala kukatwa, imekaa tu. Ilinuka karafuu maiti.

Najua. Mtu yeyote wa pwani anayesoma hapa amekwishaweka mkono mdomoni. Lakini nisikilizeni na mimi. Kwetu mama yangu alikuwa akiweka vidonge vyeupe kwenye masanduku kufukuza mende, na harufu yake ni ya namna hiyo hiyo, yenye kuwasha pua. Sikuwahi kuona sanda ikiwa imekunjwa sandukuni. Mimi sanda nilizijua zikiwa zimekwishavaliwa na mwenyewe. Nikafikiri, hii ni nguo iliyosahauliwa, na leo mharibifu ndiye atakayeitafutia kazi. Nikachukua mkasi. Nilipima kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole, nikakata tisa, sawasawa, bila kupoteza hata utepe. Na kwa kuwa nilikuwa nimekwishajifunza, sikuikata yote. Zaidi ya nusu niliikunja, nikairudisha kwenye kanga yake kwa ajili ya mtoto wa pili, nikajipongeza kwa hilo. Winda la kwanza nikalipinda pindo. Uzi mweupe ulikuwa umekwisha, nikatumia mwekundu. Mishono yenyewe ilikwenda kombo, lakini niliiona mizuri. Kisha harufu ikanishinda. Nikavifua vipande vyote, haikutoka, nikarudia, haikutoka, nikarudia tena. Sabuni yangu ya kidole gumba iliisha kwenye mfuo wa kwanza. Nikapanda kwenye kigoda nikachukua vipande vya Mama juu ya kabati, kimoja baada ya kingine, na nilipomaliza mche mzima ulikuwa umekwisha. Nilijiambia atanisamehe akiona kazi yenyewe.

Siku ya tatu, jua limeanza kuchoma, Mama akaingia uani na kikapu chake cha mihogo ya Vigwaza. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu, hujambo na mwenzio tumboni?" Nilikuwa nimevianika tena vile vitambaa makusudi, ili avikute. Vilikuwa kwenye kamba, vyote tisa, vinapepea. Mama aliweka kikapu chini polepole. Akaenda mpaka kwenye kamba, akashika kimoja kwa pembe, akakinusa. Alikaa nacho puani muda mrefu. Mimi nilisimama nyuma yake, mikono juu ya tumbo, nikingoja kusifiwa. Akauliza bila kugeuka, "Vipo vingapi?" Nikamwambia tisa. "Na iliyobaki?" Nikamwambia nimeirudisha kashani, zaidi ya nusu, Mama. Akatikisa kichwa taratibu. Hapo mlangoni tukasikia hodi.

Alikuwa Mwajuma, binti wa Bi Tatu, kanga amejifunga kiunoni, macho mekundu. Hakukaa. Alimwambia Mama kwamba mama yake ametutoka alfajiri, ghafla, alikuwa anajiandaa kusali. Mama akakaa juu ya kinu. Mwajuma akasema maziko yatakuwa baada ya alasiri, kaka zake wamezunguka maduka yote tangu asubuhi na bafta haipo, na kweli mwaka ule nguo nyeupe ilikuwa ikija kwa msimu na kuisha siku hiyo hiyo. Sanda ya Bi Tatu mwenyewe, aliyoiweka miaka, alikwishaitoa mwaka uliopita kumsitiri mtoto wa watu aliyefia mjini bila ndugu. Kisha Mwajuma akasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo. "Mama alikuwa akituambia, mkikwama nendeni kwa Mwanahawa. Tulinunua siku moja, duka moja, jora moja. Yake ipo kwenye kasha la matambara, kaificha isiombwe ovyo."

Nilitazama kamba. Sijui niieleze vipi hali ile. Nilikuwa nimeikata sanda ya mama mkwe wangu, mtu aliye hai, anapumua, amekaa mbele yangu na vumbi la Vigwaza miguuni. Ndani ya nyumba ya pili mtu amelala anaisubiri. Na mawinda niliyoyakata nimemkatia nani? Mwanangu. Nimemkatia mwanangu sanda kabla hajazaliwa. Wazo hilo lilipokuja, mtoto aligeuka tumboni, nami nikashika nguzo ya jiko.

Mama aliinuka. Alimwambia Mwajuma, "Tangulia, mwanangu, nakuja nayo." Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku ya nazi. "Anua nguo. Zikunje vizuri. Kalete na ile nyingine." Nikaanua. Nikaangusha kimoja mchangani, akakiokota yeye, akakikung'uta, akakibusu, akakiweka juu ya vingine.

Kwa desturi zetu mja mzito haingii panapooshwa maiti, kwa hiyo nilikaa nje ya mlango wa chumba, juu ya mkeka, na niliyasikia yote bila kuyaona. Nilimsikia mwosha, Bi Chiku, mwanamke mkali asiyependa mchezo, akiuliza, "Mwanahawa, bafta yako mbona imekatwa?" Nilifumba macho. Mama akajibu, "Nilimwambia mkamwana wangu akate vipande vidogo mapema. Mtu hujui siku yako, na sikutaka kuwasumbua watu." Nikamsikia Bi Chiku anakunjua. Mama akaanza kumpangia, kama anavyopanga matambara siku ya Ijumaa. Kubwa hii inatosha kumviringishia, tena mara mbili. Hivi viwili vya kuoshea. Viwili hivi unganisha, vitakuwa vya kiunoni. Viwili vya kifuani. Hiki ukaya wa kichwani. Hiki kichane utepe, cha kufungia. Nilihesabu kwa vidole pale nje, nikaona vinakwisha, na vinatosha. Kisha Bi Chiku akasema, "Na hiki chenye uzi mwekundu?" Mama akasema, "Hicho kiache. Hicho cha mjukuu wangu." Akakitoa nje mwenyewe, akakiweka juu ya mapaja yangu, akarudi ndani kumlilia rafiki yake.

Sikuweza kukitazama. Bi Tatu alizikwa kwa wakati, amesitiriwa vizuri, hakuna aliyejua. Jioni Mama alirudi, akachemsha mihogo ya Vigwaza kwa lile tui la tatu, tukala. Hakulitaja jambo lile. Hakulitaja siku ile wala ya pili yake, na kunyamaza kwake kulinitia hofu kuliko kama angenipiga. Zuhura nilipomwambia alianza kucheka, akasema, "Wifi, nguo zote za kasha lile, wewe umeiona sanda." Kisha akalitazama tumbo langu, kicheko kikamkauka, akajifanya anatafuta daftari lake. Hilo lilinimaliza. Nikawa sili. Nililala ubavu na kidole tumboni, mtoto akitulia namchokoza, akicheza nasema huyu anahangaika. Niliamini kabisa kwamba nimemwita mauti kwa jina lake, na kwamba Mama anajua na ananyamaza kwa sababu hakuna la kusema.

Asubuhi ya siku ya tatu nilitoa sanduku langu chini ya kitanda nikaanza kutia nguo. Niliwaza nirudi kwetu, nikajifungulie huko, likitokea la kutokea lisitokee katika nyumba ya watu. Mama aliingia na kikombe cha chai. Akatazama sanduku. Akakaa kitandani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kikombe akakishika yeye.

"Safari ya wapi?"

"Nyumbani, Mama."

"Hapa ni wapi?"

Nikamwambia yote, nalia, pua inanitoka, nikamwambia nimemkatia mtoto sanda, nimekukatia na wewe yako, nimeleta mkosi wa watu wawili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanipa chai, akangoja niimeze.

"Sanda ni ya aliyekwisha kufa," akasema. "Ikiwa kwenye kasha hiyo ni bafta tu. Mimi nimelala chumba kimoja na kitambaa kile miaka sita, na kila mwaka nazidi kunenepa. Kingekuwa kinaua, kingeanza na mimi."

"Lakini hukusema neno, Mama. Siku tatu."

"Nilikuwa nafiwa," akasema. "Nimemzika shoga yangu. Ulitaka nikuchekee?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nikiri hapa, maana nimezeeka na sina wa kumwogopa, kwamba katika siku zile tatu za hofu yangu sikumfikiria hata mara moja kwamba ameondokewa na mtu aliyekaa naye barazani miaka arobaini. Nikamwomba msamaha. Akasema nimesamehewa kwa bafta, kwa maana yeye ndiye aliyeniambia nifungue kasha, na kosa hilo ni lake. Akainuka, akafika mlangoni, akageuka.

"Kosa lako wewe ni moja. Mche mzima wa sabuni, mwanangu? Umeufulia nini, bahari?"

Nilimtazama nione kama amekasirika. Alikuwa amekasirika kweli, kwa ajili ya sabuni, na ndipo nilipojua kwamba nimepona. Mtu anayehesabu sabuni yako hajakuhesabia mauti. Nilicheka huku nalia, Zuhura akaja mbio kutazama, naye akaanza kucheka bila kujua sababu, na Mama akasimama mlangoni akitutazama kama watu wawili waliopungukiwa. Wiki tatu tulifua kwa majivu na maji, na sikunung'unika hata siku moja.

Nimefikiri sana juu ya mwanamke yule. Aliyenipimia sabuni kwa kidole gumba alitoa sanda yake kwa pumzi moja, bila kuuliza itarudi lini, mwaka ambao hakujua kama ataipata nyingine, na juu yake akatoa uongo mdogo kunisitiri mimi. Mwanzo nilifikiri anabana. Baadaye nikaona alikuwa anaweka, na alikuwa anaweka ili siku mtu akija mlangoni na macho mekundu asimwambie hakuna. Nisimfanye malaika, alikuwa na ubishi wake, na kiporo cha siku ya pili nilikila mara nyingi bila kukipenda. Lakini bahili hakuwa, na nilimwomba Mungu anisamehe lile neno nililolisema nyuma ya mlango.

Mtoto alizaliwa baada ya miezi miwili, mchana kweupe, mwanamume, sauti yake ikasikika mpaka barazani. Mkunga alipomaliza kumfuta, Mama alimpokea, na kwa mkono wa pili akachomoa kutoka kibindoni kile kitambaa chenye uzi mwekundu. Nilitaka kusema hapana. Akanitazama, akamfunga nacho taratibu, akapiga fundo. Mtoto hakungoja, akakilowesha pale pale. "Basi," Mama akasema, "kimepata kazi." Nililala nikiwa mwepesi, mwepesi wa mwili na wa moyo, na nilikula ukoko bakuli zima. Mtoto yule ndiye Hamisi, baba yake Rehema. Ana tumbo sasa, na kila akija Mapinga ananigombeza kwa nini naweka makopo ya siagi yaliyokwisha. Kile kipande kilichobaki kwenye sanda ya shangazi yake nimekipinda pindo jana, nimekiweka kashani kwangu, sijamwambia yeyote.

Bafta ilipokuja madukani mwaka uliofuata Mama alipanga foleni tangu alfajiri, akapata yake, akaifunga, na safari hii akanionyesha mahali inapokaa. Aliishi zaidi ya miaka ishirini baada ya hapo, akalea wanangu watano. Alipokuwa mgonjwa, wiki yake ya mwisho, alinituma niitoe sanda niipunge upepo. Nikafungua furushi, na juu kabisa, kimekunjwa mara nne, nikakuta kitambaa chenye uzi mwekundu. Nilikuwa sijakiona tangu mwanangu wa mwisho alipoacha mawinda. Kwa sheria ya nyumba ile kilikuwa kimekwishastahili kuwa utambi, lakini hakikushushwa. Nikamuuliza, "Mama, na hiki?" Alikuwa anaongea kwa shida, akapumzika kwanza. "Kifue. Utanifunga nacho kidevu, nisije nikaanza kuwasimulia malaika habari za sabuni yako."

Nilikifua siku ile ile. Alitutoka siku nne baadaye, adhuhuri, tumemzunguka. Mimi ndiye niliyemfumba macho, na mimi ndiye niliyempitishia kile kitambaa chini ya kidevu na kukifunga utosini, mishono yangu ya kombo ikimgusa shavu. Wenzangu walidhani namsomea. Nilikuwa nimeinama sikioni kwake namwambia, "Mama, nimetumia ya kidole gumba tu, na nyingine imebaki."